Spumante za Kitaliano na misosi yetu ya Nyanda za Juu Kusini: kuchagua, kupoza, kufungua na kula nazo

Naanza na keki maana ndo iliyonifanya nianze kufuatilia haya mambo. Tulikua na sendoff hapa Mbeya mjini, mi niko upande wa jiko kama kawaida yangu, kamati imejipanga imenunua mvinyo wa gesi wa Kitaliano, wa hela kweli, chupa imeandikwa Brut. MC akasimamisha watu, kizibo kikaruka, vigelegele, muziki, alafu bibi harusi akamlisha mama yake kipande cha keki yenye krimu nene ya sukari na mama akashushia na ule mvinyo. Uso ukajikunja palepale. Baadae akaniita pembeni akaniuliza, "Mwanangu, kile kinywaji kilikua kimechacha?" Nikamwambia hapana mama, ndo kilivyo, ni drai. "Drai ndo nini?" Nikamwambia hakina sukari mama. Akaniangalia akasema, "Sasa kama hakina sukari mbona mmeniletea na keki?"

Lile swali limekaa kichwani kwangu mpaka leo kwasababu alikua sahihi kuliko kamati nzima. Mvinyo ulikua mzima, keki ilikua nzuri, kosa ni kuvikutanisha. Ukitafuna kitu kitamu sana alafu ukanywa kitu ambacho hakina sukari, ulimi unabaki unasikia uchachu na uchungu tu, hata kama hiyo chupa ni ya laki na nusu. Ule mvinyo ungekaa mezani na kitimoto iliyokaangwa ikakauka vizuri au samaki wa Kyela, mama angeomba glasi ya pili. Kwaiyo leo naandika hapa kwa wanaopanga shughuli, wanaoalika wageni nyumbani, na hata wewe unayetaka kumfurahisha mwenzio tu jumamosi, namna ya kutumia hizi chupa pamoja na chakula chetu, sio kuzifungua kwa ajili ya mlio na picha.

Kwanza tuelewane jina. Huku kwetu kila chupa yenye kizibo cha waya tunaita shampeni, lakini Champagne ni ile inayotoka mkoa wa Champagne kule Ufaransa peke yake. Waitaliano za kwao wanaziita spumante, yaani zenye povu na gesi nyingi, na zile zenye gesi kidogo wanaziita frizzante. Ukiona hayo maneno kwenye lebo ushajua nguvu ya mapovu utakayokutana nayo.

Gesi yenyewe inatoka wapi? Mtu wa Iringa au Njombe hili anaelewa haraka maana ameona ulanzi. Ulanzi ukitoka kugemwa asubuhi ule mtogwa, bado mtamu, ukiweka kwenye kidumu ukakaza mfuniko, mchana kidumu kimevimba na ukifungua unasikia tsss. Hamira ya asili inakula sukari, inatoa kilevi na inatoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea inaingia kwenye kinywaji. Spumante ni jambo hilohilo ila wenzetu wanalisimamia kwa mahesabu. Mvinyo ukishakua tayari wanaongeza hamira na sukari kidogo uchachuke mara ya pili sehemu iliyofungwa. Kama hiyo sehemu ni tenki kubwa la chuma linalohimili presha, hiyo ndo njia ya Martinotti, Mtaliano Federico Martinotti aliisajili mwaka 1895 na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907, na spumante nyingi za Prosecco unazoziona zinatengenezwa hivo. Kama mchachuko wa pili unafanyika ndani ya chupa ileile utakayoinunua, lebo itaandika Metodo Classico, na hiyo inakaa na machicha ya hamira miezi mingi, ndo maana inanukia kama mkate uliotoka kwenye oveni. Ya tenki inanukia matunda mabichi mabichi, tufaa, peasi, maua. Sio kwamba moja ni mbovu, kila moja ina chakula chake.

Sasa kabla ya kutoa hela, soma neno la sukari kwenye lebo, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Brut Nature na Extra Brut ni kavu kabisa, gramu 0 mpaka 6 kwa lita. Brut ni chini ya gramu 12. Alafu inakuja Extra Dry, na hii inachanganya watu kwelikweli kwasababu mtu anaona neno la ukavu anadhani ni kavu kuliko Brut, kumbe ina sukari ZAIDI, gramu 12 mpaka 17. Dry yenyewe ni 17 mpaka 32, yaani unasikia utamu kabisa. Demi-sec ni 32 mpaka 50, na Dolce ni juu ya 50, hiyo sasa ndo ya keki. Ile kamati yetu ingejua mstari huu mmoja tu, mama asingekunja uso.

Angalia pia stempu ya TRA kwenye chupa, na usinunue chupa iliyokaa dirishani inapigwa jua, hasa zile za glasi nyeupe, mwanga unaharibu mvinyo mpaka ukifungua inanuka kama kabichi iliyochemka. Chukua iliyokaa ndani kwenye kivuli hata kama ina vumbi.

Haya tuje kwenye chakula. Kanuni ninazotumia jikoni ni chache, chumvi na mafuta vinapenda mvinyo mkavu wenye gesi kali, pilipili inataka sukari kidogo na kilevi kidogo, na kitu kitamu kinataka mvinyo mtamu kuliko chenyewe. Mengine unaonja unajifunza.

Naanza na kitimoto maana Mbeya bila kitimoto tutakua tunadanganyana. Na hapa mvinyo wake upo, unaitwa Lambrusco, unatoka Emilia-Romagna, pande za Modena na Reggio Emilia, na wale watu wa huko ni wala nguruwe kama sisi, ndo kwao na mortadella na prosciutto ya Parma. Lambrusco ni mvinyo mwekundu wenye gesi, watu wakiona mara ya kwanza wanashangaa, mwekundu alafu unatoa povu la zambarau juu. Siku ya kwanza nilipoijaribu nilikua na sahani ya kitimoto kavu, ile iliyokaangwa kwa mafuta yake yenyewe mpaka pembeni ikawa inalia ikitafunwa, pembeni ndizi za kukaanga, kachumbari yenye limao, chumvi ya kutosha. Unakula vipande viwili vitatu midomo imeshateleza mafuta, unapiga funda la Lambrusco ya baridi, gesi na uchachu vinasafisha mdomo wote, unabaki na harufu ya zambarau na matunda ya porini, unarudi kwenye nyama kama vile ndo unaanza kula. Na ule uchungu kidogo wa maganda ya zabibu nyekundu unakaa vizuri na nyama, kitu ambacho mvinyo mweupe hauna.

Kwenye lebo ya Lambrusco utakutana na maneno secco, hiyo ni kavu, na amabile, hiyo ina utamu. Kitimoto kavu chukua secco. Kitimoto rosti yenye pilipili ya kutosha chukua amabile, maana gesi na kilevi vinaongeza moto wa pilipili na sukari ndo inaupoza. Kama dukani zipo aina zaidi ya moja, Lambrusco di Sorbara ni nyepesi, rangi ya waridi iliyokolea na uchachu mkali, Grasparossa di Castelvetro ni nyeusi nzito, hii ya pili mi naipa mbavu za kuchoma. Ipoze lakini sio mpaka igande, nyuzi 10 mpaka 14 inatosha, mvinyo mwekundu ukizidi baridi unakua mchungu.

Prosecco inatoka kaskazini mashariki, Veneto na Friuli Venezia Giulia. Zabibu yake kubwa inaitwa Glera, lazima iwe asilimia 85 au zaidi. Zamani hata zabibu yenyewe iliitwa Prosecco, mwaka 2009 wakabadilisha sheria jina Prosecco likawa la eneo ili mtu wa nchi nyingine asilitumie. Ile ya vilimani Conegliano na Valdobbiadene ina ukanda wa DOCG shingoni, alama ya Italia ya mvinyo wa daraja la juu, vilima vyenyewe UNESCO waliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2019. Hii ndo chupa ya kuanzia shughuli, wageni wanaingia, bado hawajakaa, unapitisha sambusa, bagia, chips za viazi vyetu vya Uyole zikiwa za moto na chumvi, dagaa wa Nyasa waliokaangwa wakawa wanavunjika. Chukua Brut kwa dagaa na chips. Sambusa zenye pilipili chukua Extra Dry.

Na parachichi. Tuna maparachichi ya Rungwe na Njombe ambayo watu wanayasafirisha kwenda Ulaya, sisi wenyewe tunaishia kuyasaga juisi. Jaribu hivi, parachichi lililoiva sawasawa sio lile lililolainika likawa jeusi, kata vipande vinene, chumvi ya mawe, limao, kitunguu chekundu kilichokatwa kikawa chembamba kama uzi, weka juu ya kipande cha mkate uliochomwa. Prosecco Brut. Yale mafuta ya parachichi yanakutana na gesi, mdomo unabaki msafi. Mi nikialikwa kupika kwa wageni kutoka Dar hii ndo naanza nayo kila mara na sijawahi kurudi na sahani.

Samaki. Ukibahatika kupata mbasa kutoka Matema, usimwekee mambo mengi, chumvi, limao, kaanga au choma kwenye mkaa, wali wa Kyela pembeni ule unaonukia nyumba nzima. Mbasa ana nyama nzito na mafuta yake, Prosecco kwake inakua nyepesi kidogo, hapa ndo napenda kupanda daraja niende kwenye Metodo Classico ya Trento.

Trento naisemea kidogo maana ndo naipenda kuliko zote na ina undugu na sisi wa milimani. Ni bonde lililozungukwa na milima ya Alps, zabibu nyingi zinapandwa juu kwenye miteremko, mchana jua usiku baridi, na ile baridi ya usiku ndo inafanya zabibu zisipoteze uchachu zikiiva. Mtu wa Makete au Njombe anayelima matufaa hili halihitaji kuelezwa, tunda la sehemu ya baridi linakua na ule mkato. Kuna kampuni moja kule inaitwa Ferrari, haina uhusiano na magari, ilianzishwa na Giulio Ferrari mwaka 1902, alikwenda Ufaransa akaona wenzake wanavyofanya akarudi kwao akapanda zabibu za Chardonnay kwa wingi kwasababu aliona ardhi ya kwao inazifaa. Hakua na mtoto wa kumrithi, mwaka 1952 akamuuzia Bruno Lunelli aliyekua na duka la mvinyo pale Trento mjini, na mpaka leo familia ya Lunelli ndo inaendesha. Chupa yao ya kawaida ya Brut ni Chardonnay tupu, inanukia tufaa bivu na ganda la mkate. Iweke na mbasa, au na kuku wa kienyeji wa kukaushwa, au na ndizi zile za Tukuyu zilizopikwa na maziwa mpaka mchuzi ukawa mzito, mbalaga, uone. Maziwa na ndizi vinataka kitu chenye uchachu wa kuvinyanyua bila kuvifunika.

Zile zinazokaa na machicha miaka mingi, Perlé na ile kubwa yao ya Riserva yenye jina la mwanzilishi, sio za kugongeana glasi watu mia, hizo ni za watu wanne wamekaa na chakula. Msimu wa mvua ukifika na uyoga wa mwituni ukaanza kuuzwa barabarani kuanzia Mafinga, kaanga na siagi na kitunguu swaumu kidogo, chumvi, basi. Uyoga na mvinyo uliokaa na hamira vinanukia ukoo mmoja.

Franciacorta nayo ni ya njia hiyohiyo ya chupa, inatoka Lombardia karibu na ziwa Iseo, haiwezi kutoka kabla ya miezi 18 kwenye machicha. Kama unaona gesi kali inakusumbua tafuta iliyoandikwa Satèn, presha yake iko chini, inateleza, nzuri na kuku wa nazi.

Sasa keki, na kila kitu kitamu. Nenda mkoa wa Piemonte, tafuta Asti au Moscato d'Asti, zote ni zabibu ya Moscato Bianco, ile inayonukia kama zabibu yenyewe na maua na pichi lililoiva. Utamu wake haujaongezwa mwisho, wanasimamisha mchachuko kwa baridi kabla hamira haijamaliza sukari, ndo maana kilevi kiko chini, Moscato d'Asti haizidi asilimia 6.5 kwa hiyo watu wengi wasiozoea wanaipenda. Hii ndo ya kukatia keki kwenye sendoff na kitchen party. Inakwenda pia na mapichi ya Njombe msimu wake, peasi, vitumbua vya moto asubuhi ya jumapili kama una wageni. Keki ya chokoleti ndo inaishinda, kwa chokoleti chukua Brachetto d'Acqui, nyekundu, tamu, ya mkoa huohuo, inanukia waridi na stroberi.

Kupoza. Spumante nyeupe inataka nyuzi 6 mpaka 8, ya Metodo Classico iliyokaa sana 8 mpaka 10. Friji masaa matatu au manne inatosha. Umeme ukikatika au chupa ni nyingi, chukua ndoo au beseni, barafu nusu maji nusu, chumvi ya mkono mmoja, nusu saa imepoa. Barafu bila maji inachelewa kwasababu haigusi chupa pande zote. Na mwezi wa sita na wa saba kwa mtu wa Njombe, Makete au Uyole, weka nje usiku kivulini, baridi yetu inatosha. Usiweke friza ukasahau, itapasuka.

Kama chupa zimetoka Dar au zimepanda kwenye gari kule Tukuyu na kona zake, zipumzishe siku nzima zimesimama kabla hujafungua. Chupa iliyotikiswa tena ya moto ndo inayomwaga nusu sakafuni.

Kufungua, hapa naomba mnisikilize vizuri maana nimeona kizibo kimempiga mtoto shavuni ukumbini, sentimita chache tu ingekua jicho. Ndani ya chupa ya spumante kuna presha ya kama bar 5 mpaka 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Toa karatasi ya juu. Weka dole gumba juu ya kizibo na usilitoe tena. Zungusha kile kipete cha waya, mara nyingi ni nusu mizunguko sita, legeza waya lakini uache hapohapo juu ya kizibo unasaidia mkono kushika. Funika na kitambaa. Laza chupa kama nyuzi 45, mdomo uelekee ukuta, sio watu, sio taa. Sasa shika kizibo kisitembee, kisha zungusha CHUPA kwa chini pole pole. Utasikia kizibo kinaanza kukusukuma, wewe kibane kama unakikatalia, kiache kitoke milimita kwa milimita mpaka utoe pumzi ndogo tu, fsss. Gesi iliyobaki ndani ndo uliyoilipia. Ma-MC wanapenda mlio, basi mtengee MC chupa moja ya bei nafuu apige mlio wake akiwa mbali na watu, nyingine zifunguliwe jikoni.

Glasi zioshe, zisuuze na maji ya moto mpaka harufu ya sabuni iishe, sabuni inaua mapovu. Ile glasi nyembamba ndefu ni nzuri kwa picha, ila kwa chakula tumia yenye tumbo kidogo ili pua ipate harufu. Mimina kidogo kwanza, povu likishuka ongeza mpaka theluthi mbili. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 6, kwaiyo watu 50 wa kugongeana tu chupa 9 zinatosha, na kwa wasiokunywa, wanaoendesha, wajawazito na walio chini ya miaka 18 weka juisi ya zabibu yenye gesi kwenye glasi zilezile, wasijione wametengwa.

Ikibaki, ile ya kuweka kijiko shingoni haisaidii chochote. Tafuta kizibo chake maalum cha kubana, rudisha friji wima, Prosecco imalize kesho yake, ya Metodo Classico inafika siku mbili tatu. Gesi ikiisha kabisa usimwage, mi namimina kikombe kimoja kwenye sufuria ya kuku wa kienyeji akishakauka maji, nafunika, moto mdogo, robo saa.